Ukurasa wa 112

Femke, nimefelishwa! Nimepata nne kwa kumi, eti kwa kuwa insha yangu kuhusu kuta za bahari imetaja ensaiklopidia ya mtandaoni. Sasa nitarudia somo zima.

"Dada, ukurasa ule hata mpwa wangu wa chekechea anaweza kuuhariri," mwalimu Terpstra aliniambia mbele ya darasa zima. Mbele ya darasa zima!

Jorrit, niliyesoma naye ukurasa huohuo, amepata nane. Yeye alinakili tanbihi iliyo chini yake: kitabu cha Wiersema, ukurasa wa 112. "Si ungeshuka tu mpaka chini, mtakatifu wetu?" akanicheka. Kitabu chenyewe hajakigusa.

Mimi nimekwenda maktabani, nikakisoma. Kina kurasa tisini na sita, Femke. Tisini na sita! Habari ile imo ukurasa wa 12.

Nikampelekea Terpstra kitabu hicho ofisini, nikamwomba nirekebishe tanbihi yangu iwe Wiersema, ukurasa wa 12, kwa kuwa sasa nimekisoma kwa macho yangu. Hakukifungua. Aligeukia kompyuta yake, akabofya, akatabasamu kwa huruma.

"Pole, dada, umekosea. Ni 112."

Akanigeuzia skrini nijionee. Ilikuwa ensaiklopidia ileile.