Mkonge wa Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 4 Agosti

Kucha za Mama Elia zimekula mayai mawili leo. Maganda tu, mayai yenyewe tumekaanga. Ganda unaliosha, unalianika, unalivunjavunja kwa kitako cha chupa ya soda, unapanga kipande kwa kipande juu ya rangi mbichi, halafu unafunika na rangi ya maji, ile isiyoonekana. Likikauka ni sakafu ya jumba la tajiri. Mama Elia ni jirani yangu, Msambaa, anauza kabichi. Kaniuliza kama Dar wanafanya hivi. Nikamwambia wanafanya, ila vibaya.

Sijisifu. Naeleza tu. Miaka saba nimezunguka Dar na kikapu nikigonganisha chupa za rangi, na wanawake walikuwa wakisikia mlio wangu wanaosha miguu kabla sijafika. Nimepaka Arusha. Nimepaka Mombasa. Sasa goti limegoma, napaka barazani kwangu hapa Korogwe na mteja ndiye anayetembea. Vifaa ni vya nyumbani. Kijiti cha meno. Pini ya nywele ya mke wangu Mwanaidi. Chujio la chai lililotoboka. Utepe wa kaseti za zamani, ule mweusi unaong'aa. Shule niliishia darasa la sita. Hata hivyo wanaoniita Profesa ni wengi kuliko wanaoniita Shabani.

Rehema anaolewa Jumapili ya tarehe 24. Mwanangu wa pekee. Mwalimu wa chekechea huko Handeni, na ada ya chuo chake imetoka kwenye vidole vya wanawake wa mji huu. Siku hiyo mimi baba yake nitashika mkono wa bwana harusi mbele ya sheikh na kutamka nakuozesha binti yangu. Mkono huu huu. Na kucha za bibi harusi nitazipaka mimi. Nani mwingine?

Naandika nyuma ya daftari lake la hesabu la kidato cha pili. Kurasa za mbele zina wino mwekundu mwingi.

Jumatano, 6 Agosti

Mkono wangu wa kushoto ndio ubao wa majaribio. Kila urembo mpya naanza kuupaka kwenye kucha zangu, mteja aone, achague. Ijumaa asubuhi nafuta zote, maana udhu haupiti kwenye rangi. Jumamosi naanza upya. Ndivyo ninavyoishi na Mungu, na mpaka sasa hatujagombana.

Leo nimepata urembo wa Rehema. Mkonge. Baba yangu alikata mkonge mpaka mgongo ukapinda, na mji huu wote umezungukwa na mkonge, lakini sijaona mtu aliyeupaka kwenye kucha. Nyeupe chini. Majani ya kijani yanachomoza kama miale. Ncha ya kila jani ina mwiba mweusi. Brashi hainunuliwi popote: uzi mmoja wa katani niliouchomoa kwenye kamba ya mbuzi. Mwembamba kuliko unywele. Nilikuwa nabana pumzi kila nikichora.

Mwanaidi kaangalia, kanyamaza, kachukua pini yake ya nywele akaondoka. Hiyo ni sifa. Ningekuwa nimekosea angesema.

Jumapili, 10 Agosti

Rehema amekuja. Nilikuwa nimeshaurudia mkonge jana, safi zaidi. Nikamwekea mkono mezani kama sinia ya pilau. Akasema ni mzuri, Baba. Akautazama muda mrefu. Halafu akasema nifute.

Alhamisi watakuja wakwe kuona nyumbani. Mambo ya posa yaliishia kwa mdogo wangu Bakari kule Sindeni, ndiko kwenye ukoo, kwa hiyo mimi hawajaniona. Na wameshaambiwa kwamba baba wa bibi harusi ni fundi umeme.

Nikamuuliza nani kawaambia.

"Mimi, Baba."

Nilicheka. Nikasema basi nitawapigia shoti. Hakucheka. Mama yake alikuwa anachambua mchele na hakuinua kichwa, nikajua naye alijua.

Imeniuma. Naandika hivyo hivyo, imeniuma.

Alhamisi, 14 Agosti

Nilifuta. Kucha nyeupe kama za maiti. Chupa zote nimesukumia chini ya kitanda. Nimevaa shati la mikono mirefu na bisibisi mfukoni, ile yenye taa. Kama ni uongo basi uwe na vifaa.

Wamekuja watano. Mama wa kijana, Bi Zuhura, mwanamke wa shela na tasbihi, mpole, macho yanahesabu. Mjomba mtu akaniuliza kwa nini taa za kwake zinafifia saa za jioni. Nikamwambia ni mzigo. Umeme ni kama punda, ukimzidishia analala. Akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. Nikaendelea, nikatia na Mombasa, nikawaambia nilivyofunga taa za hoteli nzima. Rehema akaanza kutabasamu. Nilikuwa napendeza. Mungu anisamehe, nilikuwa fundi bora.

Ndipo Mama Elia akaingia uani bila hodi, kiatu mkononi, mguu juu.

"Profesa! Ganda lako la yai limebanduka! Na Jumamosi nina kipaimara cha mtoto, utanifanyaje?"

Mjomba akatazama bisibisi. Mwanaidi akawahi kumvuta Mama Elia jikoni, lakini mguu ulishaonekana, na ganda lililobaki lilikuwa linang'aa vizuri tu.

Bi Zuhura hakukasirika. Alisema kazi yoyote ya halali ni kazi. Akanywa chai yake. Halafu, taratibu, kama anayeuliza bei ya nyanya:

"Kwa hiyo baba mkwe huwashika wake za watu mikono kutwa."

Nikachukua birika nikamwongezea chai.

Jumamosi, 16 Agosti

Bakari amekuja kutoka Sindeni na kuku wawili. Mdogo wangu akija na kuku mmoja ni salamu. Wawili, kuna neno.

Neno ni hili. Ndoa ipo, hakuna kilichovunjika. Lakini wakwe wameomba, kwa ustaarabu, kwamba siku ile nimpe yeye Bakari uwakili, aozeshe kwa niaba yangu. Sheria inaruhusu. Baba anatamka mbele ya sheikh na mashahidi kwamba nimempa fulani uwakili, basi fulani anashika mkono. Watu wasije wakanong'ona.

Nikamwambia wanong'one nini, mkono wangu nimeiba?

"Kaka, usinigombeze mimi. Nimetumwa."

Nikamwambia arudi na kuku wake. Akawaacha, akarudi mwenyewe.

Mchana Rehema kanipigia simu. Alilia. Nilimlea yule mtoto bila kumchapa hata kofi, kwa sababu sijui kustahimili akilia, na anajua. Alisema, "Baba, naomba."

Nimekubali. Nina hasira na Bi Zuhura, na Bakari, na Mama Elia na mguu wake. Rehema hayumo, au najidanganya. Najidanganya.

Alhamisi, 21 Agosti

Nyumba imejaa wanawake. Amekuja msusi wa kucha kutoka Tanga na sanduku la magurudumu. Kamuweka mwanangu kwenye kiti changu, kile cha wateja, kaziparua kucha zake kwa kimashine mpaka zikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, kabandika za plastiki ndefu kwa gundi. Rangi ya maziwa, vito vya kubandika. Kila bibi harusi wa Tanzania nzima anazo hizo hizo. Unaweza kuwachanganya wakati wa kuwapeleka kwa waume zao.

Nilisimama mlangoni na uzi wangu wa katani mkononi. Sijui nilidhani nini. Labda kwamba ataniona na kusema hata kidole kimoja, Baba, kidole gumba cha mguu, kitafichwa na kiatu.

Aliniona. Akasema, "Baba, umekula?"

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikapaka mkonge kwenye mkono wangu wa kushoto, kucha zote tano. Sijawahi kupaka vizuri vile. Hasira ina faida zake.

Jumapili, 24 Agosti

Ndoa imefungwa.

Nilivaa kanzu mpya. Mkono wa kushoto niliutia mfukoni tangu asubuhi. Sheikh akaniita pembeni na mashahidi wawili, nikatamka kwamba nimempa Bakari uwakili. Maneno matano au sita. Nimewahi kusema maneno mengi zaidi kumuuzia mtu rangi ya pinki.

Nilikaa safu ya tatu. Bakari akashika mkono wa kijana. Mkono wa Bakari una sugu za jembe na kucha nyeusi za utomvu wa ndizi, na kila mtu aliutazama kwa furaha. Akakosea jina la Rehema, akamwita Rukia, ambaye ni mke wake. Watu wakacheka, sheikh akacheka, akarudia. Mimi nisingekosea.

Pilau nilikula kwa mkono wa kulia. Wa kushoto haukutoka.

Ijumaa, 29 Agosti

Sikwenda msikitini. Kwenda ni kufuta, na kufuta sijataka. Nikamwambia Mwanaidi goti linauma. Goti limekuwa rafiki wa kweli.

Wateja wanne. Niliwachekesha wote. Mmoja kutoka Segera, kasema amepanda gari kuja kwangu tu. Kauona mkonge akautaka. Nikamwambia hauuzwi. Nikampaka mistari ya pundamilia kwa selotepu, akaridhika.

Ijumaa, 5 Septemba

Sikwenda tena. Mzee wa msikiti kapita kuniuliza hali. Shikamoo, marahaba, goti. Nilimpokea nikiwa nimekalia mkono wangu kama mtoto aliyeiba sukari. Miaka hamsini na moja.

Mkonge umeanza kuacha nafasi. Kucha inakua, chini kumetokea ukanda mtupu. Nauongezea rangi ya maji kila siku mbili usibanduke. Mwanaidi kasema jambo moja tu, kwamba Mungu hakuwepo kwenye kikao cha wakwe, kwa nini nimsusie yeye. Nikaendelea kujikanda goti.

Jumatano, 10 Septemba

Rehema amekuja na basi la asubuhi. Peke yake. Mikono ameifunika kwa mtandio.

Bi Zuhura kamwambia swala zake tangu harusi hazihesabiki, udhu haufiki kwenye kucha. Basi kajibandua mwenyewe. Kwa meno, kisha kwa kisu cha jikoni. Tatu zimetoka na ngozi ya juu ya kucha yake. Gumba la kulia limevimba na lina damu. Saba bado zimeng'ang'ania.

Nilimkalisha kwenye kiti cha wateja. Nikampaka mafuta ya nazi kuzunguka vidole ngozi isiungue. Pamba, dawa ya kufutia, karatasi ya fedha ya pakiti za sigara, nikafunga kidole kimoja kimoja kama naviringisha sambusa. Chenye kidonda nikakiacha. Dakika ishirini unasubiri. Ukivuta kabla, unang'oa. Hilo msusi wa Tanga hakumfundisha.

Tukakaa hivyo, mikono yake kwenye magoti yangu.

"Bi Zuhura aliniuliza nani atanibandua," akasema. "Nikamwambia kuna fundi Korogwe."

"Fundi gani?"

"Nilisema fundi tu."

Nilicheka kweli. Naye akacheka, na akaanza kulia, na hakuweza kujifuta kwa sababu ya makaratasi. Nikamfuta mimi.

Baadaye akaona mkono wangu wa kushoto. Majani ya kijani yamesogea robo ya kucha. Akauliza huu ulikuwa wa nani.

Nikamwambia wa bibi harusi mmoja. Alibadili mawazo.

Hakuomba radhi. Alitazama dirishani. Nami sikumsaidia, kwa sababu nilikuwa nataka aombe, na kila siku nilipolala nimemsikia akiomba kwa maneno mazuri kuliko aliyonayo.

Zikatoka zote saba. Chini yake kucha zake halisi, nyembamba, zimejaa mikwaruzo, kama za mtoto mchanga. Nikazikata, nikazisugua kwa msasa laini, nikazipaka mafuta. Rangi sikupaka. Hakutaka, na mimi nisingekubali.

Akauliza kama nitakwenda kumtembelea Handeni. Nikasema nitakuja. Akasema, pole pole, akitazama mkono wangu, "Lakini Baba, ukija..."

Nikamwambia najua.

Ijumaa, 12 Septemba

Dawa ilibaki kidogo chupani. Imetosha. Pamba ilitoka kijani, halafu nyeupe, halafu safi. Kucha zimebaki na umanjano wa rangi uliokaa mno.

Uzi wa katani nimeurudisha kwenye kamba ya mbuzi.

Nilitia udhu kwa maji mengi. Nilifika mapema, safu ya pili. Baada ya swala mtu wa kulia kwangu, sikumjua, msafiri labda, alinigeukia akanipa mkono. Nikampa wangu. Aliushika vizuri, akauachia, akatafuta viatu vyake.