Babu Yangu na Jina la Mji

Jumatatu, 4 Agosti
Kahawa vikombe vitatu kijiweni, kashata mbili. Nimewasimulia tena. Vijana kimya kama wako msikitini. Mtaa mzima wa Mtoni hakuna anayenifikia kwa kusimulia, na waliokuwa wananibishia wameshakufa. Jirani yangu Mmakonde, mchonga vinyago, kanichokoza. "We Mzaramo, mwaka juzi Sultani alikuja na ngalawa. Leo kaja na meli. Mwakani atatua na ndege?" Nikamwambia achonge vinyago vyake, Sultani hakuwa na shida navyo. Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Hadithi ni ile ile. Sultani wa Unguja kashuka pwani, enzi hizo panaitwa Mzizima. Kachoka, haamini mtu. Babu yangu kampa dafu na mkeka. Kalala fofofo. Kuamka kasema, hapa nimelala salama, basi paitwe Dar es Salaam. Kwa hiyo mji huu jina umepewa na mkeka wa kwetu. Nasema hivyo miaka hamsini sasa.

Jumatano, 6 Agosti
Mjukuu wangu Zuhura yuko kwenye majaribio, kampuni ya kutembeza wageni. Akifaulu wanamwajiri. Mama yake alimwacha mdogo, nimemlea mie, kwa uji na hadithi. Leo wameulizwa kwa Kiingereza jina la mji lina maana gani. Wenzake wote wamejibu kama kasuku: Heveni ov Pisi. Kumbe Wazungu ndivyo wanavyopaita, mpaka vitabuni. Zuhura kanifafanulia, heveni ni bandari, pahala chombo kinapokimbilia kukiwa na dhoruba. Nikasema wapi, Mwarabu anasema nyumba ya salama, bandari wameitoa wapi? Kasema wasomi wanabishana mpaka leo.

Kisha yeye akaongeza ya kwetu. Ya dafu na mkeka. Bosi kafurahi sana.

Kijiweni mtu haulizwi ushahidi, wote tunajua. Ila maneno ya kijiweni hayapelekwi ofisini. Mtoto sikumfundisha hilo. Nimekula wali.

Ijumaa, 8 Agosti
Bosi anataka kuleta wageni Jumamosi ya wiki ijayo, hapa barazani kwangu. Wamwone mjukuu wa mwenye mkeka. Zuhura atatafsiri. Wakipenda, kazi anapata na baraza yetu inakuwa kituo cha ziara. Kanunua mkeka mpya. Kanzu yangu kaifua mara mbili.

Naogopa. Mie niliyefukuza chatu kwa bakora. (Alikuwa kenge.)

Jumapili, 10 Agosti
Nimepiga hesabu kwa punje za mahindi, kila punje miaka kumi. Sultani yule alikuja kabla ya Wajerumani. Babu kazaliwa Wajerumani wameshakaa, baba alikuwaga anasema hivyo. Hesabu inakataa. Na hata bahari babu hakuwahi kuiona. Kafia Kisarawe.

Nilijua siku zote.

Jumanne, 12 Agosti
Nimemwita Zuhura nimwambie. Kufungua mdomo, ikatoka hadithi ya simba. Kacheka mpaka machozi. Mwoga mie.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimemwambia Mmakonde. Nilidhani atanicheka. Kacheka kidogo. "Watilie chumvi, wageni hawana hesabu." Kisha kaweka patasi chini. "Ila we mzee utakufa. Mtoto ndiye atakayebaki anaisema kila siku kwa mdomo wake."

Nimerudi nyumbani kabla ya magharibi. Si kawaida yangu.

Jumamosi, 16 Agosti
Wamekuja saba na bosi. Mmoja mzee kama mie, mwalimu wa historia huko kwao. Kanipa shikamoo safi kabisa, kainama. Nikaona aibu.

Nikasema. Mie mwongo. Babu yangu hakumpa Sultani dafu. Pwani hakuikanyaga. Aliyekuja mjini ni baba, kuvunja mawe, akalala kwenye varanda za watu, na huko hakuona salama yoyote. Huyu mtoto hajui. Nimemdanganya tangu hajaota meno.

Zuhura kanitazama. Wageni wanamtazama yeye, wanangoja Kiingereza. Nikajua anaweza kusema lolote, mie nisijue.

Akasema. Maneno mengi, polepole. Mie niliambulia Dar es Salaam tu. Yule mwalimu kainamisha kichwa. Bosi, anayejua lugha zote mbili, kaangalia simu. Makofi hakuna. Wakavaa viatu wakaenda.

Jumapili, 17 Agosti
Zuhura shikamoo kanipa akiangalia ukuta. Chakula kaweka, kaondoka. Kijiweni sijaenda.

Jumanne, 19 Agosti
Bado hanitazami. Inauma kuliko jino.

Jumatano, 20 Agosti
Bosi kamwita Zuhura. Baraza yetu imefutwa kwenye ziara. Kazi hajapewa, hajafukuzwa pia. Kaongezewa mwezi wa majaribio. Kaniambia hayo akichambua mchele, hakuinua macho.

Nikamwuliza, siku ile uliwaambia nini?

"Ulichosema, babu. Chote."

Akaendelea na mchele. Nilitaka kutania. Nikaokota punje zilizodondoka.

Ijumaa, 22 Agosti
Jioni Zuhura kaja na daftari, kakaa karibu yangu. Kaniuliza, sasa yule babu yako wa kweli alikuwa mtu gani?

Nimefikiri sana. Jina najua, Kibwana. Alichonga mipini ya majembe. Jicho moja bovu, sijui lipi. Baba alikuwaga ananisimulia habari zake, mie namkatiza, maana nina yangu tamu zaidi. Wa kumuuliza hayupo tena.

Zuhura kangoja na kalamu yake. Nikamwambia, ndiyo hayo tu, mama.

Kaandika mistari miwili. Kanisomea. Nikasema sawa. Tukakaa.