Mbwa wa Wekesa Wako Wapi?

Jumapili jioni, Julai. Manyunyu hayajakoma tangu asubuhi, na nguo nilizofua juzi bado zinanuka ubichi. Nimevaa sweta mbili. Hasira nayo inanipa joto, nisidanganye.

Wekesa alizikwa jana kwao Bungoma, na mimi sikuwepo.

Alikuwa jirani yangu, mpaka rangi, hakuoa, akiishi chumba cha chini kwenye ploti yetu, jengo la kupanga hapa Umoja, Nairobi. Mama yangu alipopooza upande mmoja, nasi tukikaa ghorofa ya nne, Wekesa ndiye aliyembeba mgongoni kila siku ya kliniki, kushuka na kupanda, mpaka mama alipofariki. Sikumwomba hata mara moja. Nilikuwa namkuta tu amesimama mlangoni, ameshavua viatu vya kazi. Mvua kubwa zikija, yeye ndiye aliyeingia mtaroni na koleo, akizoa nepi za watoto wa watu wengine huku sisi tukimtazama kutoka juu.

Na alikuwa na mbwa watatu, wote wa kuokota barabarani. Diwani alikuwa mnene na mvivu. Shangazi alikula ndala za watu. Chapo alikuwa na miguu mitatu kwa sababu bodaboda ilimgonga pale barabara ya Outer Ring. Wekesa aliwapikia ugali na mifupa ya bucha, na mara nyingi walishiba yeye akiwa amekunywa chai tu.

Mwaka huu figo zake zikagoma. Alipolazwa, aliniachia ufunguo na sufuria ya mbwa.

Asubuhi moja nilishuka na chakula chao, nikamkuta Diwani amelala kando ya geti, povu mdomoni. Shangazi alikuwa chini ya gari la mtu. Chapo alikuwa amejikokota mpaka mlangoni kwa Wekesa akafia pale, pua ikiwa kwenye uwazi wa chini ya mlango.

Mchana, mwenyekiti wa koti letu, yaani ploti zote zinazozunguka uwanja huu mmoja, aliandika kwenye grupu ya WhatsApp kwamba lile tatizo la mbwa limetatuliwa, na kwamba anatushukuru kwa uvumilivu. Watu wakamwekea vidole gumba. Sitaandika jina lake hapa. Waliomshangilia wanamjua.

Mimi na soja wa geti tuliwazika nyuma ya koti, kisha nikaoga, nikaenda hospitalini. Wekesa aliuliza habari za mbwa kabla hata ya kunisalimia. Nikamwambia Shangazi amekula ndala yangu ya kushoto. Alicheka mpaka akashika ubavu. Tangu siku hiyo kila nilipokwenda alitaka habari, na kila nilipokwenda nilimtungia nyingine. Alikufa akiamini wanamngoja.

Kila nikitoka wodini nilikuwa namchukia yule mtu upya.

Ijumaa tulimuaga hapa uwanjani kabla ya basi la Bungoma kuondoka. Dada yake, Nasimiyu, aliniomba nishike kipaza sauti kwa sababu nawajua watu wa koti. Mwenyekiti alikuja na suti nyeusi, akakaa mstari wa mbele, akanitumia mtu kuniambia angependa kusema maneno machache juu ya rafiki yake wa karibu.

Rafiki yake wa karibu.

Ningeweza kumnyima nafasi. Ndivyo nilivyokuwa nimepanga. Lakini nilipomwona akinyoosha tai yake, nikamwita kwa heshima zote, nikasubiri afike mbele, nikampa kipaza sauti. Alipofungua mdomo nikasema kwa sauti iliyofika mpaka nyuma:

"Kabla hujaanza, Mwenyekiti, waambie watu mbwa wa Wekesa wako wapi."

Alitabasamu kwanza. Kisha akasema hilo si jambo la leo. Nikamwambia marehemu alikuwa akiniuliza swali hilo kila siku, kwa hiyo ni la leo. Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Mwishowe akasema mbwa wale walikuwa wakiwasumbua watu, hasa Waislamu.

Mama Aisha akasimama. Anaishi mkabala na chumba cha Wekesa, na kila alipotoka kwenda msikitini Wekesa alikuwa akiwafunga mbwa mpaka apite.

"Usinitumie mimi," alisema. "Sikuwahi kulalamika kwako, na yeye hakuwahi kunikosea."

Mwenyekiti aliweka kipaza sauti kwenye kiti na kuondoka katikati ya watu, na hakuna aliyempisha vizuri. Nilimtazama mpaka alipopinda kona. Nilisikia raha ambayo sijaisikia kwa muda mrefu.

Kisha Nasimiyu akanivuta pembeni. Hakupaza sauti. Alisema walikuwa na saa moja tu ya kumuaga ndugu yao Nairobi, na nimeitumia kwa ugomvi wangu.

"Ungengoja tumzike kwanza," alisema. Halafu akaniomba nisipande basi.

Kwa hiyo kaburi la Wekesa nimeliona kwenye simu.

Kwa Nasimiyu nina aibu. Nimeandika ujumbe wa kumwomba msamaha na kuufuta mara nyingi, kwa sababu kila nikifika pale pa kusema najuta, najua nitakuwa nadanganya.

Leo jioni mwenyekiti amekuja kubisha. Alitaka niandike kwenye grupu kwamba nilisema yale kwa uchungu wa msiba. Nilimwacha asimame pale kwenye korido, upepo na manyunyu vikimpiga. Alisema watu hawaitikii salamu zake. Alisema hata mke wake hamsemeshi.

Nilimuuliza kama amemaliza. Akasema ndiyo. Nikafunga mlango.

Wekesa angemkaribisha ndani, angemtilia chai, pengine angempa na taulo ya kujifuta. Nimelifikiria hilo jioni nzima, na najua angenisikitikia mimi kuliko ambavyo angemkasirikia yule mtu.

Lakini mimi si Wekesa. Alfajiri nitaamka nikiwa bado na hasira hii, nitainywea chai, na nitakwenda nayo kazini.