Karatasi ya Khitma

Tatu, mume wangu Twalibu kawafuta marehemu wote! Sitanii.

Yale majina ya waliozikwa kijiji cha zamani, kabla Operesheni Vijiji haijawahamisha watu mwaka 74. Babu yake, Mzee Lukumani, ndiye pekee aliyekuwa anayakumbuka. Alimtajia yote arobaini na moja, ayachape, yasomwe kwenye khitma.

Kompyuta ya dukani kwetu huwa haizimwi, kwa hiyo hakuwahi kusevu. Asubuhi kaapdeti antivairasi, ikamwambia aizime aiwashe. Akabonyeza NDIYO. NDIYO, Tatu!

Ilipowaka, ukurasa mweupe.

"Tukamuulize Babu tena," kasema. Halafu kakumbuka: khitma yenyewe ni ya Babu.

Sasa hivi shehe kanyoosha mkono apewe karatasi. Ina jina moja tu. Lukumani.