Kanuni ya Walioanguka

Mpendwa shemeji Ouma,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokuwa nayo sisi wawili. Kikuria hukukijua zaidi ya salamu, nami Kidholuo changu kilikuwa cha sokoni tu, cha kununulia samaki. Dada yangu Boke, mkeo, alizoea kutucheka: "Mnabishana kama makarani wa korti." Sasa ni mwaka wa pili tangu tukuzike Kosele. Mwezi uliopita lilitokea jambo hapa Migori ambalo ulistahili kulisikia kabla ya mtu mwingine yeyote. Lakini siwezi kulifikia moja kwa moja. Lazima nipitie mahali nilipokukosea.

Unakumbuka siku ulipokuja kurekebisha madawati ya darasa langu? Ulikuwa seremala wa misheni, mtu mrefu wa maneno machache, na watu walisema ulikuwa askari wa keya, jeshi la Mwingereza, umepigana Burma. Mimi nilikuwa mwalimu mgeni kutoka Kegonga, mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilikuwa nikiwafundisha watoto habari za vita vya Waterloo, kule Ulaya: kwamba mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi Napoleon akachelewa kushambulia kwa uzembe. Ukatoa misumari mdomoni kule nyuma.

"Samahani mwalimu. Udongo wa huko ni kama huu wetu mweusi?"

"Sijui," nikasema.

"Basi usiseme uzembe. Mzinga ukizama kwenye matope, hata jenerali anasukuma."

Watoto walicheka sana. Mimi nilikasirika mchana kutwa, na jioni nikakufuata karakanani nikiwa nimebeba kitabu, nikitaka kukuonyesha kwamba mimi ndiye niliyesoma. Uliitazama ile ramani ya vita kwa muda mrefu, kisha ukachukua penseli yako ya useremala ukaanza kuniuliza. Kilima hiki kina urefu gani? Shamba hili lilikuwa na mimea gani, mifupi au mirefu? Sikuweza kujibu hata swali moja.

Ndivyo tulivyoanza. Padri mmoja aliyerudi kwao alikuwa ameniachia sanduku la mchezo wa vita, wenye ramani ya karatasi na kete za kadibodi. Ulizipindua kete zile mkononi ukasema, "Huu tunaweza kuutengeneza, mwalimu. Lakini wetu uwe wa kweli." Ulichora miraba juu ya ubao wa mvule, ukakata kete kwa msumeno mwembamba, ukazilainisha moja moja kwa msasa. Boke alikuwa amekuja misheni kujifunza kushona. Yeye ndiye aliyezipaka rangi: buluu kwa Wafaransa, nyekundu kwa Waingereza, nyeusi kwa Waprusi waliofika jioni. Kabla Waprusi hawajakauka rangi ulikuwa umeshamchumbia. Baba yetu hakutaka kusikia habari ya Mjaluo. Ulikwenda Kegonga ukakaa nyumbani kwake siku nne, ukamtengenezea mlango, huku hakuna anayekusemesha. Siku ya tano akakuuliza kama unakula wimbi. Basi, ukawa shemeji yangu.

Siku ninayoipenda kuliko zote ni ile ya mkokoteni. Tulikuwa tumeshindwa kupatana mzinga uende miraba mingapi kwenye matope. Mimi nilitaka mitatu. Wewe hukubishana. Ulipakia mawe kwenye mkokoteni wa jirani, ukafunga ng'ombe wawili, ukawaendesha kwenye udongo mkavu huku mimi nikihesabu hatua. Tukasubiri mvua. Iliponyesha, tukarudi pale pale kesho yake asubuhi. Magurudumu yalizama hadi kwenye ekseli. Tulisukuma, tukateleza, tukaanguka kifudifudi, na akina mama waliokuwa wakienda sokoni wakasimama kututazama.

"Mwalimu, mnafanya nini?" mmoja akaniuliza.

"Tunamsaidia Napoleon, mama," ukamjibu wewe, ukiwa na tope hadi kwenye nyusi.

Mzinga ulipewa mraba mmoja.

Kisha ikaja kanuni yako, ile ya mwisho kuandikwa. Katika mchezo wa padri, kete ikishindwa huondolewa, hutupwa sandukuni. Wewe ulisema hapana. Ilazwe kifudifudi pale pale ilipoanguka, na anayetaka kupita hapo apoteze hatua moja. Nilikuambia uwanja utajaa, hakuna atakayesogea.

"Ndivyo ilivyo," ukasema.

"Lakini ni mchezo, shemeji."

Uliweka randa chini. Ndipo uliponieleza habari za Okech wa Rangwe, mara moja tu, na hukuzirudia tena. Mlikuwa mmeandikishwa jeshini siku moja. Kule Burma mlivuka mto mkiwa mnapigwa risasi, na amri ilikuwa msisimame kwa ajili ya mtu yeyote. Okech alianguka mbele yako kwenye maji ya magoti.

"Nilimkanyaga mkono," ukasema. "Nilihisi vidole chini ya kiatu. Sijui kama alikuwa amekufa tayari. Sikuangalia."

Baada ya vita, ulisema, ulikwenda Rangwe kwa mama yake mara tatu. Mara zote tatu uliona lango la boma, ukarudi.

Kwa hiyo ukaandika kanuni hiyo kwa mkono wako, kwenye karatasi ya pili, na chini yake ukaongeza: "Kanuni hii ni kwa ajili ya Okech wa Rangwe, aliyebaki mtoni. Ouma, Kosele, alikuwa naye." Niliisoma nikakuambia ni sawa.

Mwaka uliofuata Uhuru tulipata mchapishaji. Alikuwa mzee wa Kihindi mwenye duka la vitabu Homa Bay na mashine ya chapa nyuma ya duka, ambaye watu wote walimwita Bwana Chapa. Aliupenda mchezo wetu. Alicheza nasi mara mbili juu ya kaunta, akashindwa zote, akasema shule zitaununua. Kilichobaki ni kupeleka maandishi ya mwisho. Wiki ile kifua chako kilikubana, ukalazwa hospitali ya misheni, nami nikaenda Homa Bay peke yangu.

Bwana Chapa alisoma kanuni zote, kisha akaigonga ile karatasi ya pili kwa kidole. "Hii ya maiti toa. Watoto watachoka, wazazi watauliza maswali. Karatasi moja inatosha. Ukikubali, nachapa leo."

Ningeweza kusema nitarudi baada ya kuzungumza nawe. Hospitali ilikuwa safari ya nusu siku tu. Lakini, Ouma, nilitaka sana kuliona jina langu limechapwa. Na nitasema ukweli wote: hata mimi niliona kanuni ile inauharibu mchezo. Nikasema, "Toa."

Niliporudi ulikuwa umeketi kitandani. Uliniuliza kama kila kitu kimekwenda sawa, nikakuambia ndiyo.

Masanduku yalipofika ulikuwa umeshapona kiasi. Ulifungua moja mezani, Boke akiwa amesimama nyuma yako. Ulitazama ramani, ukazishika kete, ukasoma majina yetu mawili kwenye kifuniko. Kisha ukasoma kanuni. Ukageuza karatasi ukatazama nyuma yake, palipokuwa peupe.

"Karatasi ya pili iko wapi?"

"Nafasi haikutosha," nikasema. "Bwana Chapa alitaka moja tu."

Ulikunja ile karatasi kwenye mikunjo yake ya kiwandani, ukairudisha sandukuni.

"Sawa, mwalimu," ukasema.

Tangu siku hiyo hukuniita shemeji tena. Hukunikasirikia, hukunifungia mlango. Ulinipa kiti, ukaniuliza habari za Kegonga, ukanitumia samaki. Lakini nilikuwa mwalimu, kama nilivyokuwa siku ya madawati.

Na mchezo ulipendwa! Walimu wa Rangwe na Asumbi waliuagiza. Jumamosi watu walikuja karakanani kwako kucheza, makarani, makatekista, hata chifu mmoja. Nawe ulicheza nao. Kete zako zilipoanguka uliziacha zimelala pale pale, ukazizunguka mraba kwa mraba, huku mwenzako akipita juu yake kwa sababu kanuni zilizochapwa zilimruhusu. Hukumweleza mtu. Ulishindwa kila Jumamosi. Watu walisema, "Fundi anajua kuutengeneza lakini hajui kuucheza." Nilikuwa nimeketi pale nikisikia. Nilikuwa mtu pekee aliyejua sababu, nami nilicheka pamoja nao.

Halafu nikahamishiwa Migori. Nilijiambia likizo ikifika nitakuja nizungumze nawe vizuri. Likizo ya kwanza nilikuja, tukazungumza habari za mahindi. Likizo ya pili kifua chako kilikuwa kibaya, nikaona si wakati wake. Ya tatu hukuifikia. Boke alimtuma mtu na barua yenye mstari mmoja, nikafika Kosele kaburi likiwa tayari limechimbwa.

Baada ya matanga nilimweleza dada yangu yote. Hakulia. Aliniuliza, "Ulimwona akishindwa kila Jumamosi, ukanyamaza?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kuchambua mtama hadi nilipoondoka.

Nilirudi Homa Bay kwa Bwana Chapa. Alisikitika, lakini alisema masanduku yamekwisha kutoka, hana la kufanya. Basi niliichukua karatasi yako ya pili, ambayo sikuwahi kuitupa, nikaichapa upya kwenye stensili na kuirudufu kwa mashine ya shule yetu. Likizo nzima nilizunguka nayo kwa baiskeli na kwa miguu. Nilikwenda Rangwe, nikaenda Asumbi kwenye shule ya wasichana, nikaenda kila mahali nilipojua kuna sanduku, nikawaomba wanifungulie kabati nitie karatasi ndani. Wengine walinidhania mkaguzi. Mwalimu mmoja alisoma, akaniuliza Okech ni nani. Nikasema ni askari. Masanduku mengine sikuyapata.

Sasa nifike kwenye lile la mwezi uliopita.

Nilikuwa nikisahihisha madaftari barazani, hapa Migori, alipokuja mwanamke mzee sana, amevaa gauni la kanisani, ameshikwa mkono na msichana wa shule. Msichana ndiye aliyesema. Walikuwa wakiucheza mchezo wetu bwenini Asumbi, wakasoma kanuni zote, na jina la Okech wa Rangwe likamshtua. Aliipeleka karatasi kwa nyanya yake. Shuleni wakaambiwa karatasi ililetwa na mwalimu wa Migori, wakanitafuta.

"Nyanya anauliza," akasema, "ni kweli wewe unajua habari za mwanawe?"

Kumbe mama wa Okech alikuwa hai, Ouma. Miaka yote hiyo alikuwa na karatasi moja ya serikali kwa Kiingereza, isemayo amekufa, basi.

Nilimpa kiti. Sikutaka kusema, lakini nilikuwa nimeshaona kinachotokea mtu akichagua kipi kisemwe na kipi kisisemwe. Nilimweleza mto, risasi, amri. Nilimweleza na habari ya mkono. Msichana alisita kutafsiri hapo, akanitazama. Nikamwashiria kwa kichwa aseme. Mama alisikiliza hadi mwisho, hadi zile mara tatu ulipofika langoni kwake ukarudi, kisha akauliza neno fupi.

"Anauliza mkono gani."

Sikujua. Hukuniambia, nami sikukuuliza.

"Wa kushoto ungemuuma," msichana akatafsiri taratibu. "Uliwahi kuvunjika alipokuwa mtoto, haukupona vizuri."

Kisha akauliza umezikwa wapi. Tulikwenda naye Kosele siku ya pili. Boke alimpokea langoni bila mkalimani, maana Kidholuo cha Boke sasa ni cha mwenyeji kabisa, wakashikana mikono wakaenda kaburini. Mimi nilibaki nyuma na msichana. Niliona yule mama ameketi chini, amenyoosha miguu, anazungumza na udongo kama mtu anayemkaripia mgeni aliyechelewa. Baadaye nilimuuliza dada yangu alikuwa akikuambia nini.

"Alimwambia, 'Ungeingia tu. Mara zote tatu ningekupikia,'" Boke akasema. Kisha akaongeza, akinitazama kwa mara ya kwanza tangu matanga, "Karatasi ile ingetoka pamoja na nyingine, mama huyu angemkuta hai."

Najua. Ndilo ninalolala nalo na kuamka nalo. Sikuandikii barua hii uniambie si kitu, kwa sababu ni kitu. Mwanamke yule alikuwa mwendo wa saa chache kutoka karakanani kwako, ana chakula na ana msamaha, na kati yenu wawili palikosekana karatasi moja ambayo mimi ndiye niliyeitoa.

Mama yule amempelekea Boke kuku wawili, kutoka Rangwe. Boke amenialika nije kula Jumapili. Nitakwenda.

Pumzika, Ouma. Kwa heri.

Ni mimi, kaka yake Boke,
Marwa