Nati ya Oili na Mlango wa Shangazi

Nyumbani, meza ya jikoni,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu za nyumba nzima kabla sijaanza kukuchosha. Hujambo huko? Kifua kimeacha kukubana, au bado unalala madirisha wazi kwa ubishi wako? Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, anacheka, na miguu yake inazidi kupata nguvu tangu nianze kumpeleka mazoezi kila Jumatano kwa gari lako.

Hapo ndipo penye neno. Ulisema gari liuzwe mwisho wa mwezi kwa yule mwenye duka la matairi, kwa kuwa hapa hakuna wa kulitunza, oili imeshapitiliza muda wake, na litatufia mikononi. Shangazi, aliyekuja kukaa nasi wiki mbili, akakuunga mkono: gari ni mambo ya wanaume. Kaka, nilikasirika. Bila gari, Mama atarudi kubebwa mgongoni hadi kituo cha basi. Mara ya mwisho alilia.

Basi jana nikavaa ovaroli yako, nikalipandisha gari kwa jeki, nikalizuia kwa magogo, nikaingia chini na seti yako ya spana. Nikaiona nati ya kumwagia oili. Kumbe haina kichwa cha kushika! Imezama, na katikati ina tundu tu. Nilijaribu spana zote, bisibisi, hata mkasi wa jikoni (usimwambie Mama). Fundi gari wa jirani alipochungulia, akataka kuipiga tindo. Nikamwambia asante, nenda kanywe chai. Tundu lingeharibika, maneno yako yangekuwa kweli.

Haraka haraka haina baraka. Nikalainisha kipande cha sabuni ya kufulia, nikakisindilia tunduni, kikatoka na pembe nne sawasawa. Nikaenda nacho duka la vifaa. Muuzaji akakigeuzageuza, akakinusa, akasema ana funguo za pembe sita tu.

Nikarudi nimenuna. Mama akaomba aone ile sabuni. Unajua alivyoshika funguo za shule miaka ishirini na mbili. Kitasa kikiharibika, alikifungua mwenyewe. Akaitazama, akautazama mlango.

"Mbona hiki ni chuma cha kitasa?"

Ni kile kijiti cha mraba kinachopenya mlango na kushika mikono ya kitasa pande zote mbili. Nikachomoa cha chumba cha nyuma, maana kimelegea siku nyingi. Nikakichomeka kwenye nati: chanda na pete!

Nikakibana kwa spana namba nane, nikavuta. Wapi! Nikasukuma kwa kisigino, nikawataja mababu wote. Ikalegea. Oili nyeusi tii ikajaa beseni, nyingine ikanijaa nywele. Nilipiga vigelegele humohumo chini.

Mara tukasikia mlango unabamizwa. Katika haraka zangu nilisahau kwamba Shangazi alikuwa amelala chumba cha nyuma.

"Nifungulieni! Nani kaniibia kitasa?"

"Vumilia, wifi," Mama akamjibu kutoka kitini, machozi ya kicheko yakimtoka. "Kitasa kiko chini ya gari!"

Chuma kilihitajika pia kuikaza nati, kwa hiyo alisubiri dakika ishirini, akitusomea makosa yetu tangu nikiwa mtoto. Nilipomfungulia, akanitazama nilivyochafuka, akalitazama beseni. Nilipokwisha kutia oili mpya na kuoga tu, akauliza kama naweza kumfikisha kwa shoga yake. Alikaa kiti cha mbele, bega juu, akawapungia majirani.

Tuliporudi niliipima tena oili, na usiku nilitandika gazeti chini ya injini. Asubuhi halikuwa na hata tone.

Msalimie wifi na pacha wenu; waambie nawakumbuka sana. Shangazi anakusalimu, ila anataka kitasa kipya. Mola akuzidishie afya na akurudishe kwetu salama.

Mama yuko hapa ubavuni, ananisubiri nifunge bahasha. Nimemuuliza niongeze nini kwa upande wake. Amesema nikuandikie hivi, bila kupunguza neno: mwambie gari langu haliuzwi.

Mdogo wako akupendaye,
Kiroboto