Mstari Niliouongeza

3 Februari

Kwa mjukuu wangu, mke wangu mdogo,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mgongo nao mzima kwa kiasi chake, na meno yaliyobaki yanakusalimia. Wewe hujambo? Unakula?

Bahasha yako imefika kwa mkono wa dereva wa basi. Wasifu wako nimeusoma mwanzo mpaka mwisho, bila miwani, bila kukwama hata neno moja. Mchapaji wa pale kona alibaki kashika mdomo.

Haya, uongo. Mchapaji ndiye aliyesoma. Mimi nilikuwa naitikia "enhe, enhe" kama mwenyekiti wa bodi.

Lakini mke wangu, ukurasa mmoja? Miaka yote hiyo ya chuo, halafu ukurasa mmoja? Karatasi ya maelezo ya dawa ya mende ni ndefu kuliko maisha yako! Kwenye uzoefu umeweka mazoezi ya kazi pale mapokezi ya zahanati, na kuongoza wageni siku ya mahafali. Basi. Kwenye mambo unayoyapenda umeandika kuogelea. Wewe? Uliyekuwa unalia ukiwekwa kwenye beseni?

Sanduku la maombi ya ile kazi ya mapokezi liko mlangoni pa hospitali, linafungwa mwisho wa mwezi. Bahasha nitaitumbukiza mwenyewe. Ila naona wasifu wako unatoka nje na kanga moja. Niruhusu niuvishe kidogo.

Bwana Kelele anakusalimu. Cherehani yake inanguruma hapa barazani tangu asubuhi, mimi na viatu vyangu huku, yeye na nguo zake kule. Yeye kiziwi, kwa hiyo anayeumia masikio ni mimi.

Simu yangu ilidumbukia kwenye kopo la gundi. Tuandikiane tu, kama wapenzi wa zamani.

Babu yako


10 Februari

Babu,

Shikamoo. Mimi sijambo, nakula, na chumba changu hakivuji tena. Pole kwa simu.

Babu, nakuomba sana, wasifu wangu usiuvishe, usiupake poda. Mwalimu wetu alitwambia mwajiri ana rundo la karatasi mezani, hana muda wa hadithi. Ukurasa mmoja unamtosha. Na kila mstari uwe kitu ambacho ukiambiwa "simama utuonyeshe," unasimama na kuonyesha. Hapo kwenye kuogelea umenikamata. Mwambie mchapaji afute neno hilo, asiguse kingine.

Sasa sikia jambo kubwa. Rafiki yangu Pacha naye anaomba nafasi hiyohiyo. Tangazo linasema kila mji utaitiwa mtu mmoja kwenye usaili huku makao makuu, na anayejua lugha ya ishara atatangulizwa. Wewe unamjua Pacha. Amekuwa mdomo na masikio ya baba yake tangu utotoni, na Jumamosi anafundisha watoto viziwi. Lakini hataandika! Anaona ni mambo ya nyumbani, kama kuosha vyombo. Simu yake iko kwa fundi. Wewe na baba yake, Bwana Kelele, mko baraza moja, Pacha akipita umwambie aandike, tena juu kabisa.

Akinishinda nitavumilia. Lakini nikimshinda kwa sababu ya aibu yake tu, nitamtazamaje?

Mjukuu wako


19 Februari

Mke wangu,

Hujambo? Sisi wazima, mvua imetuonea huruma.

Kuogelea kumefutwa. Bahasha imeingia sandukuni, niliisikia ikigonga chini. Pale palipokuwa na kuogelea palibaki pengo, na pengo kwenye karatasi ni kama pengo kinywani, halipendezi. Nikaliziba kwa maneno machache. Usiniulize.

Ya Pacha nimeyasikia.

Ukiitwa, vaa viatu vyeusi. Vile vya kahawia nimevishona mara nyingi mno, vinanijua mimi kuliko wewe.

Leo sina mengi, gundi inakauka.

Babu yako


16 Machi

Babu,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mzima wa mwili.

Niliitwa. Walikuwa watatu. Wawili waliniuliza maswali ya kawaida, na nilijibu vizuri, babu, nilijibu vizuri kweli. Wa tatu, mhasibu wao, alikuwa kimya muda wote. Mwishoni akainua mikono akaanza kusema nami kwa vidole. Nikageuka nyuma nione kama kuna mtu mwingine.

Mama aliyekaa katikati akanigeuzia karatasi. "Umeandika mwenyewe hapa. Lugha ya ishara, kwa ufasaha."

Kwa ufasaha, babu! Mimi najua za barazani tu: chai, mvua inakuja, mteja huyu msumbufu. Kwa woga nikamwambia yule mhasibu kwamba mvua inakuja. Akatazama dirishani. Jua lilikuwa linachoma.

Nikasema, "Mama, huo mstari si wangu."

"Wasifu wako, mstari si wako?"

Nikakutaja. Nimekuuza, babu, na bado inaniuma. Kisha nikasema kwetu kuna msichana anayeijua kweli. Wakafungua jalada. Wasifu wa Pacha ulikuwamo. Lugha ya ishara haimo, popote. Kumbe hukumwambia.

Mimi wamenishukuru wakanionyesha mlango. Yeye wamempa mpaka mwisho wa mwezi huu alete wasifu mpya, na apande basi aje waone mikono yake. Simu yake imeshatoka kwa fundi, ningeweza kumpigia sasa hivi. Sitaki. Wewe ndiye uliyekalia neno lake. Nenda ukampe, na barua hii asome. Tarehe ishirini na tano ikifika kabla sijasikia kitu, nitampigia mimi, na wewe utabaki kuwa mzee mmoja tu wa mtaani kwetu.

Mjukuu wako


23 Machi

Mjukuu wangu,

Leo sikuiti mke. Nimeona sina uso wa kutania.

Nimemwambia.

Ningesema nilisahau ungeniamini, maana kusahau ni haki ya mzee. Sikusahau. Mchapaji aliponisomea yale maneno yako, niliona kama ufunguo umeanguka miguuni pangu. Wa mtu mwingine, nikauokota nikafungua mlango wako. Kila Pacha alipopita na kusema "Shikamoo babu," niliitikia huku misumari imenijaa mdomoni, nisiweze kusema zaidi. Niliiweka mdomoni makusudi.

Jana alikuwa amekaa na baba yake anashona vifungo.

"Babu, leo mbona umevua kofia?"

"Nina neno."

"Haya, lilete."

"Si zuri."

"Basi likae chini kwanza, na wewe ukae."

Sikukaa. Nikampa barua yako. Akasoma, akarudi juu, akasoma tena. "Kumbe," akasema. Hilo tu. Ningependa anitukane, matusi ninayajua kuyajibu.

Bwana Kelele akamgusa bega kumwuliza kuna nini. Akamweleza. Mjukuu wangu, uovu wangu niliuona ukipita hewani kwenye vidole vya yule mtoto, polepole, bila sauti, na cherehani imesimama. Mengine sikuyaelewa. Kidole kikanielekea, kisha ikafuata ile alama ya mwongo. Hiyo naielewa, maana mimi ndiye niliyezoea kuitumia kwa wateja wake.

Bwana Kelele alinitazama. Tumekaa baraza moja tangu nina nywele kichwani. Akainuka, akaikamata cherehani yake kwa mikono miwili, akaigeuza. Sasa ananipa mgongo.

Pacha alikwenda kwa mchapaji jioni ileile. Nilimfuata, nikakaa nje kwenye ngazi. Nilisikia mchapaji akiuliza, "Tuongeze na nini?" na Pacha akijibu, "Imetosha." Ukurasa mmoja. Amepanda basi asubuhi hii, na barua hii amekubali kuibeba. Hakuisoma. Nilimwambia anaweza, akasema, "Hiyo ni yenu."

Niandikie, hata kunigombeza.

Babu yako


20 Aprili

Mjukuu wangu,

Hujambo? Afya? Chumba?

Jibu halijafika. Nilianza kumsingizia dereva wa basi, ameniapia hajapewa kitu.

Nimesikia Pacha amepata kazi. Nimesikia kwa mchapaji, wala si kwake wala si kwako. Nimesikia pia kwamba muda huu wa mafunzo analala chumbani kwako, godoro moja, kama mlivyokuwa mkilala hapa mkinipigia kelele. Nilifurahi mpaka nikajigonga nyundo kidoleni. Kisha nikakumbuka kwamba kazi hiyo ingeweza kuwa yako kwa haki, au yake kwa haki, na mimi nikaifanya iwe aibu kwenu wote wawili. Hata kama wangemchagua yeye, wewe ungetoka pale na jina lako. Kidole kimepona. Hilo lingine bado.

Kuna tangazo jingine limebandikwa ukutani kwa mchapaji, wanatafuta watu wa mapokezi. Nililibandua nikuletee, nikalirudisha palepale. Mchapaji anasema na magazetini limo. Utaliona mwenyewe. Utaliandikia mwenyewe.

Bwana Kelele bado ananipa mgongo. Chai nampelekea, anakunywa, kikombe anakiacha sakafuni. Nimejaribu kumwambia. Nimeshika kifua, nimeinamisha kichwa, nimepiga magoti mpaka mteja mmoja akauliza kama nimeangusha shilingi. Yeye anatazama mikono yangu, anangoja, haoni neno. Miaka yote hii amenifundisha chai, mvua, mteja msumbufu, mwongo. Hilo moja sikuwahi kumwomba anifundishe, na sasa siwezi kumwuliza yeye.

Una deni langu dogo. Ulipokuwa darasa la pili ulivunja sindano ya cherehani yake ukichezea kanyagio, ukajificha nyuma ya viatu, na mimi nikamwambia ni mimi niliyeivunja. Alininunia siku nzima kwa ajili yako. Sikuwahi kukudai.

Leo nadai. Mwombe Pacha akuonyeshe namna mikono inavyokaa mtu akisema "nisamehe," kisha unichoree. Kama hutaki kuniandikia neno, usiandike. Chora mikono tu, umpe dereva wa basi.

Babu yako